Ya Moto au ya Baridi? Usiku wa Dar na Baa Zetu za Tabora

KULWA: Habari za jioni, wasikilizaji wetu wa Tabora na nyie mlioko mbali.

ZUWENA: Kaka Kulwa karudi juzi kutoka Dar, na mimi nina karatasi hapa: mambo matano ya kuzingatia ukitoka usiku kwenye jiji kubwa. La kwanza...

KULWA: Ngoja kwanza, dada. Nikusimulie Jumamosi. Sendofu imekwisha, wapwa zangu wakasema mjomba leo hulali. Wakanipeleka klabu moja Masaki. Mlangoni mabaunsa, ukilipa kiingilio unagongwa muhuri mkononi. Ndani meza ziko tupu kabisa, lakini hukai. Ni za wanaonunua chupa nzima ya pombe kali. Wa bia mojamoja wanasimama kaunta.

ZUWENA: Hilo lipo humu, namba mbili. Uliza habari za meza kabla hujatoka nyumbani.

KULWA: Meza niliisamehe. Nikaagiza bia ya Safari. Kijana wa kaunta kafungua, kaisukuma, kageukia mteja mwingine. Hakuniuliza!

ZUWENA: Kukuuliza nini?

KULWA: Ya moto au ya baridi!

ZUWENA: (anacheka) Jamani, Kulwa!

KULWA: Nasema kweli. Ingia baa yoyote hapa, Isevya, Cheyo, Ng'ambo. Kabla hujavuta kiti vizuri mhudumu kashauliza, ya moto au ya baridi? Anakuletea, anaifungua mbele ya macho yako, kile kizibo anakirudisha juu ya mdomo wa chupa nzi wasiingie. Chupa tupu haziondoki mezani, wakati wa bili mnahesabu wote wawili. Hakuna ugomvi.

ZUWENA: Lakini bia ya moto, isiyopitia friji, ni mazoea ya zamani, friji chache, umeme wa kubahatisha. Siku hizi friji zipo. Bado unakunywa ya moto kwa nini?

KULWA: Ya baridi sana huisikii ladha, na koo langu halitaki. Mzee wangu alikuwa anaagiza mbili, moja ya moto, moja ya baridi, anachanganya kwenye glasi.

ZUWENA: Ikawa nini?

KULWA: Ikawa ya kwake! Mhudumu akimwona tu mlangoni, zinakuja zote mbili.

ZUWENA: Sasa tuingie namba tatu, usafiri wa kurudi...

KULWA: Wale wapwa zangu wanasema ya moto ni ya wazee. Nikawaambia nendeni Kigoma, nendeni Mwanza, mtaulizwa hivyohivyo. Hapohapo Dar, ukitoka Masaki ukaingia baa za mitaani Sinza au Manzese, unaulizwa. Ni kule tu kwenye mataa.

ZUWENA: Kaka, nikuulize swali la kweli. Mimi nikienda peke yangu baa ya hapa Tabora, nikakaa, nikaagiza, ninaulizwa nini?

KULWA: Ya moto au ya baridi.

ZUWENA: Hapana. Naulizwa "uko na nani, dada?" Kabla sijamaliza nusu chupa, habari zimeshafika nyumbani. Shangazi anapiga simu. Wewe unafurahia kujulikana kwa sababu kujulikana hakukugharimu chochote. Mimi nimeishi Dar. Nilicheza mpaka nikavua viatu, na hakuna aliyejua mimi ni mtoto wa nani. Yule kijana ambaye hakukuuliza kitu, mimi namshukuru.

KULWA: Lakini pale hakuna hata maongezi. Muziki unakupiga kifuani, mpwa wangu namsoma midomo. Kutoka na watu ni kukaa nao.

ZUWENA: Anayetaka kukaa akae nyumbani. Klabu ni ya kucheza.

KULWA: Dansi la bendi lilitupa vyote viwili! Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978 ilichukua jina la baa iliyokuwa inapigia. Bendi na baa, kitu kimoja. Unakaa, unaongea, ukiguswa na wimbo unanyanyuka unamtuza mwimbaji, unarudi mezani bia yako ipo. Hata sisi hapa tulikuwa na Tabora Jazz, watu wa Kigoma kama Shem Karenga wakaja kuimba huku.

ZUWENA: Na mwanamke aliyekwenda peke yake kwenye dansi alisemwaje?

KULWA: Walikwenda wengi.

ZUWENA: Nimeuliza alisemwaje.

KULWA: ... Walisemwa. Lakini huwezi kusema dawa ya hilo ni kwenda mahali usipojulikana na mtu. Dawa ni kuwafunga midomo hao wasemaji.

ZUWENA: Anza na majirani zako basi! Mpaka watakaponyamaza, mimi nasubiri wapi? Nina usiku mmoja wa kupumzika kwa wiki.

KULWA: Usubiri baa yenye mhudumu anayekujua, atakulinda. Ukizidiwa anakuitia bodaboda ya mtu anayemwamini. Kule Masaki nani atakuitia?

ZUWENA: Simu yangu. Naita gari, namba yake namtumia dada yangu, nafika. Mhudumu unayemsema ndiye anayempigia shangazi.

KULWA: Hapo sikubaliani na wewe.

ZUWENA: Wala mimi. Na sibadiliki.

KULWA: Wala sikuombi. Fundi mitambo ananyoosha kidole, imebaki dakika moja. Karatasi yako?

ZUWENA: Tumegusa mambo mawili tu! Namba nne nasema haraka: glasi yako usiiache mezani ukaenda kucheza, ukiiacha agiza nyingine. Mengine...

KULWA: Wiki ijayo.

ZUWENA: Wiki ijayo tuna mada ya mikopo ya pikipiki, Kulwa.

KULWA: Basi wasikilizaji watutumie sauti, hasa akina dada wa hapa Tabora. Ni baa gani mnakaa kwa amani?

ZUWENA: Na mkikosa hata moja ya kutaja, tumeni hivyohivyo. Nitazisoma zote.