Namna ya kumpata bakteria anayemwaga lisini

Karibuni tena maabara, hapa Mwanza. Mnaofuga kuku, na nyie wa sato kwenye vizimba, sogeeni. Chakula kikijaa mahindi, lisini ndiyo amino asidi, yaani kijenzi cha protini, inayowahi kupungua. Dagaa wanayo, lakini dagaa tunawataka na mezani. Lisini ya kuchanganya kwenye chakula cha mifugo hutengenezwa na bakteria.

Mwenyewe ni huyu, Corynebacterium glutamicum. Kikundi cha Shukuo Kinoshita kilimgundua Japani miaka ya 1950. Hana madhara, ila kwa asili hutengeneza lisini ya kumtosha tu: ikizidi, yenyewe na treonini, amino asidi nyingine, hufunga aspatokinasi, kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wake, kazi inasimama. Sisi tunamtaka ambaye breki hiyo imekatika.

Kuotesha na kuosha mnakujua, tupite. Mimina bakteria wako kwenye sahani, safu nyembamba. Vaeni miwani ya kinga. Taa ya urujuanimno, nanomita 254, ndiyo itakayobadilisha jeni zao. Ondoa kifuniko! Plastiki inazuia mionzi hii. Narudia: kifuniko kitoke ndipo uwashe. Katika kila 100 abaki hai mmoja hivi. Muda unategemea taa yako, ipime kwanza.

Haya, nimezima, sasa... subiri. Kaka, zima taa ya kamera! Na ya darini! Bakteria wengi wana kimeng'enya kinachotumia mwanga kurekebisha jeni zilizoumizwa na mionzi. Mwanga ukiwafikia sasa, mabadiliko tunayoyatafuta yanafutika. Hamnioni, nisikilizeni tu: nahamishia kwenye chupa, naifunga foili, inalala gizani mpaka kesho. Gizani, jamani, hata dirisha lisiwe wazi.

Imekucha. Agari hii, yaani lishe iliyoganda, ina sukari, amonia, chumvi na vitamini ya biotini, maana biotini hawezi kujitengenezea. Nimeongeza treonini na kemikali iitwayo AEC. AEC inafanana na lisini, hivyo inakihadaa kimeng'enya kijifunge, na bakteria wa kawaida hakui; anakua yule ambaye breki yake imekatika. Sambaza, weka nyuzi 30.

Hii ni sahani ya siku chache baadaye. Sogeza kamera. Tupu, tupu, halafu pale ukingoni, vidoa viwili vya manjano, vidogo kama ulezi. Hapa ndipo ninapoipendea kazi hii!

Kila kidoa kikuze peke yake kwenye lishe ya maji, kisha tone lake liweke kwenye karatasi ya kromatografia, inayotenganisha kemikali kimiminika kikiipanda, na lisini halisi pembeni ya kulinganisha. Zikishapanda na kukauka, nyunyiza ninhidrini, dawa inayozitia rangi amino asidi, pasha moto, tafuta zambarau. Karatasi ishikeni kwa glavu, tafadhali: jasho la vidole lina amino asidi, nalo litatoa zambarau hiyo hiyo.