Nani Amewahi Kuketi Nyuma ya Darasa Lako?

Walimu wenzangu mliotoka Maseno, Kakamega, Bondo na Njoro, karibuni Kisumu. Mlionisikia mwaka jana mnajua nimesimama kudai nini. Nitadai tena, kwa kuwa hakuna kilichofanyika: tuzo ya ualimu bora, moja, ya vyuo vikuu vya ukanda huu kwa pamoja.

Kwanza niulize. Muhula uliopita, nani aliona mhadhiri mwenzake ameketi nyuma ya ukumbi, akamsikiliza akifundisha tangu mwanzo hadi mwisho? Inueni mikono. Mmoja, wawili. Na yule mama wa pale dirishani, watatu. Basi. Makala yako ikienda jaridani inasomwa na wahakiki wawili, wanakuonyesha hata koma iliyokosewa. Somo lako linaloketiwa na wanafunzi mia tatu halihakikiwi na mtu yeyote.

Nirudie habari ya gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka sokoni. Wengine mmeisikia, vumilieni, maana hoja yangu yote imo humo.

Nilikuwa na mwenzangu aliyefundisha takwimu mwaka wa kwanza, chuo sitakitaja. Wanafunzi waliliogopa somo lile kama mamba. Wiki ya tatu akawagawa makundi, akawatuma soko la Kibuye, kila kundi kwa muuzaji wake, wakanunue gorogoro moja ya mahindi. Jumatatu nilikuwa napita nje nikasikia kelele, nikachungulia. Meza ya mbele ilikuwa imejaa mahindi katika mifuko ya karatasi, na mizani ya kuazima maabara ya kemia. Kila kundi linapima, linaandika ubaoni. Hakuna mifuko miwili iliyolingana.

Hapo ndipo alipowauliza, "Mbona?" Kijana mmoja akasema wengine wanajaza hadi kilima, wengine wanapangusa kwa kiganja. Msichana mmoja, mamake anauza nafaka, akasimama akasema wazi: kuna makopo yaliyogongwa kitako kikaingia ndani, ukitazama juu huwezi kujua. Darasa likalipuka. Mwalimu akangoja watulie, akageuka ubaoni akaandika neno "mtawanyiko", akaanza kukokotoa kwa zile namba zao wenyewe. Nilisimama pale mlangoni dakika arobaini nikasahau nilikokuwa nikienda. Yule msichana, nawaambia, aliuliza swali ambalo wa uzamili huwa hawaulizi: tujuaje kama tofauti hii ni ya mkono wa muuzaji au ni ya kopo?

Mwalimu huyo alipoomba kupandishwa cheo aliulizwa machapisho. Alikuwa na mawili. Mnavijua vigezo vya mwaka 2014 vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu: shahada ya uzamifu, alama za makala, alama za vitabu. Sivipingi, utafiti ni kazi yetu. Ila kwenye kikao kile hakuna aliyeuliza habari ya mahindi, kwa sababu hakuna aliyejua. Mimi nilijua, na sikuwa na fomu ya kuandika nilichokiona wala ofisi ya kuipeleka. Miaka miwili baadaye akaenda kufanyia shirika moja kazi ya kuchambua data. Darasa lake alipewa mtu anayesoma slaidi. Hilo linaniuma hadi leo.

Sasa naona mtu anatikisa kichwa: hiyo tuzo itakwenda kwa anayependwa, anayegawa A kama njugu. Ingekwenda kwake kama tungehesabu kura za wanafunzi peke yake, na nani amesema tufanye hivyo? Waamuzi waingie darasani zaidi ya mara moja. Wasome maswali ya mtihani aliyotunga. Wachukue karatasi zilizosahihishwa waone kama ameandika neno pembeni au ameweka alama ya vema tu na namba. Wawatafute waliomaliza miaka mitatu iliyopita wawaulize ni kipi wanachokitumia bado. Mwamuzi atoke chuo kingine: wa Kakamega aamue wa Njoro, wa Bondo aamue wa Kakamega. Hapo ujomba na ukabila mtauchomeka wapi?

Mwingine anasema pesa hakuna. Sijaomba pesa! Mwalimu Peter Tabichi wa Keriko, hapo Njoro, alipewa tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja, Dubai mwaka 2019, na sote tulishangilia. Kilichonigusa mimi ni kwamba kulikuwa na watu waliokaa chini wakachunguza jinsi mtu anavyofundisha fizikia katika shule ya kutwa iliyokuwa na kompyuta moja. Huyo ni wa sekondari. Wa chuo kikuu nani anamchunguza? Kanada imekuwa na tuzo ya kitaifa ya wahadhiri tangu 1986, Uingereza tangu 2000. Ile ya Kanada haitazami darasa lako tu, inauliza pia umewasaidiaje wenzako kufundisha vizuri zaidi. Kifungu hicho nakitaka hapa neno kwa neno.

Naonyeshwa saa. Basi haraka. Wahadhiri wa muda wawe na haki ya kuteuliwa, kwa sababu ndio wanaobeba madarasa makubwa, na wengi wanasubiri malipo muhula baada ya muhula. Tuzo iingie kwenye alama za kupandishwa cheo, la sivyo itakuwa cheti cha ukutani. Na mwaka 2029 tunapokea kundi la kwanza la mtaala wa umilisi, watoto waliozoea kufanya kwa mikono tangu shule ya msingi. Nilikuwa na mengi juu ya hilo, yabaki.

Kuna karatasi zinapita kwenye viti. Kabla ya chai, kila mmoja aandike mwenzake mmoja anayefundisha vizuri, na chini yake aandike alichokiona kwa macho yake darasani mwake. Kama hujaona kitu, acha sehemu hiyo wazi, usiandike sifa za kusikia. Tutazikusanya mlangoni, na zile zenye sehemu wazi nitaondoka nazo nikawaonyeshe Manaibu Chansela wiki ijayo.