Programu moja, prosesa tofauti: mhadhara kwa wanafunzi wa kompyuta, Dodoma

Walimu wangu, shikamooni. Vijana, habari za mchana.

Wengi wenu mnaandika programu kwenye laptopu yenye prosesa ya Intel au AMD. Mtu atakayeitumia, awe Kongwa, Bahi au Mpwapwa, ameshika simu yenye prosesa ya ARM. Hizi ni familia mbili zisizoelewana kabisa. Amri za moja hazina maana kwa nyingine. Anayewaunganisha ni kompaila, programu inayotafsiri msimbo mnaouandika kuwa amri za prosesa, na ninachotaka mkishike leo ni kwamba kompaila haina jibu moja zuri kwa prosesa zote. Msimbo ulio sahihi lakini mzembe unammalizia chaji mtu anayelipia kuchaji simu yake dukani. Mimi naona hilo ni jambo zito.

Wasiwasi huu ni wa zamani. Mwaka 1957 John Backus na wenzake wa IBM walitoa kompaila ya FORTRAN kwa ajili ya mashine iitwayo IBM 704. Waandishi wa programu wa enzi ile hawakuamini kwamba mashine inaweza kutoa msimbo wenye kasi inayokaribia ule ulioandikwa kwa mkono. Backus alijua kasi ikikosekana hakuna atakayeigusa lugha yake, ndiyo maana juhudi kubwa ya timu yake iliingia hapo.

Tuanze na rejista, zile nafasi chache za kuhifadhi namba ndani ya prosesa yenyewe. Chukulieni mama anayeuza nyanya Soko la Majengo: kilicho mezani anakupa papo hapo, kilicho stoo lazima amtume mtu. Rejista ndiyo meza, memori ndiyo stoo. Sasa, meza hazilingani ukubwa. Prosesa za x86, yaani ile familia ya Intel na AMD, za biti 32 zilikuwa na rejista 8 za matumizi ya jumla; zilipopanuliwa kuwa biti 64 zikawa 16. ARM ya biti 64 ina 31. RISC-V, familia nyingine ya prosesa iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010, ina 32, na moja kati ya hizo ni sifuri siku zote.

Nani akae kwenye rejista? Mwaka 1981 Gregory Chaitin na wenzake, nao wa IBM, walilionyesha swali hili kama kazi ya kupaka rangi. Kila kigeu, yaani jina linaloshika thamani ndani ya programu, ni nukta. Vigeu viwili vinavyohitajika kwa wakati mmoja vinaunganishwa kwa mstari, na nukta zilizounganishwa hazipewi rangi moja. Rangi ndizo rejista. Zikiisha, kigeu kimoja kinahamishiwa kwenye memori. Ndiyo maana fanksheni ileile inaweza kuenea vizuri kwenye ARM, halafu kwenye x86 ikawa inakwenda na kurudi memori kila mara.

Amri zenyewe nazo zinatofautiana. Kusoma namba moja kutoka kwenye safu ya namba za baiti 8, x86 inatumia amri moja, ARM ya biti 64 pia moja. RISC-V ya msingi inahitaji tatu: sogeza faharasa biti 3 kushoto, jumlisha na anwani ya mwanzo, kisha soma. Msikimbilie kuilaumu RISC-V. Ndani ya kitanzi, yaani amri zinazorudiwa tena na tena, kompaila iliyo makini inaacha kukokotoa anwani upya na badala yake inaisogeza baiti 8 kila mzunguko, na sehemu kubwa ya gharama inaondoka.

Sasa nifike kwenye kugawanya, maana hapa ndipo pananivutia kuliko pote.

Tuseme mnatengeneza kifaa cha kupima unyevu wa udongo kwenye shamba la zabibu Hombolo. Kinatumia betri, kinasoma vipimo 10, kinatoa wastani, ili mkulima ajue lini afungulie maji. Kwenye msimbo mmeandika tu: jumla gawanya kwa 10. Mkiitafsiri kwa laptopu na kutazama lugha ya asembli, yaani amri za prosesa zikiwa zimeandikwa kwa maneno, hamtaiona amri ya kugawanya hata moja! Kompaila imeweka kuzidisha kwa 3435973837, halafu kusogeza biti 35 kulia. Kusogeza biti 35 ni sawa na kugawanya kwa 34359738368. Linganisheni namba hizo mbili: ya pili ni karibu kabisa mara kumi ya ya kwanza. Kosa linalobaki ni dogo mno, na imethibitishwa kihesabu kwamba kwa namba nzima yoyote isiyo hasi ya biti 32 jibu linatoka sahihi. Kuzidisha ni kwepesi kwa prosesa, kugawanya ni kuzito.

Lakini kifaa chenu hakina prosesa ya laptopu. Vifaa vya namna hii mara nyingi hutumia prosesa ndogo kama Cortex-M0 ya ARM. Hiyo haina amri ya kugawanya, na amri yake ya kuzidisha inarudisha biti 32 za chini tu, wakati ile hila ya kuzidisha na kusogeza inazihitaji biti za juu. Kompaila inalazimika kuita fanksheni ya maktaba inayogawanya kwa kusogeza na kutoa, hatua kwa hatua. Mstari uleule mmoja umekuwa amri nyingi, na betri ndiyo inayolipa. Someni vipimo 16 badala ya 10: kugawanya kwa 16 ni kusogeza biti 4, amri moja kila mahali. Uamuzi huo kompaila haiwezi kuwafanyia, kwa sababu haijui kwamba mkulima hajali kama ni 10 au 16.

Tahadhari moja kwa haraka. Alama ya -march=native inairuhusu kompaila kutumia kila amri ya mashine iliyo mbele yako, pamoja na AVX2, kundi la amri za x86 linaloshughulikia namba 8 za biti 32 kwa mkupuo. Peleka programu hiyo kwenye kompyuta ya zamani ya ofisi ya kata, itakufa ikikutana na amri isiyoijua. Kwa programu ya kusambaza, tengenezeni matoleo mawili ya fanksheni nzito, na programu inapoanza iiulize prosesa kama inazijua amri hizo.

Baada ya mapumziko tunaingia maabara. Kila mmoja aandike fanksheni ya kugawanya kwa 10, aitafsiri kwa alama ya -S, inayoiambia kompaila itoe asembli, kwanza kwa laptopu, kisha kwa Cortex-M0, na tulinganishe. Mkimaliza, badilisheni 10 iwe 7. Namba ya kuzidishia katika ile hila, kwa 7, inahitaji biti 33, haienei kwenye 32, kwa hiyo kwenye laptopu mtaona amri za ziada. Nataka mniambie kila moja ipo pale kwa kazi gani.