Umbali Anaupanga Mnyama: Mhadhara Kuhusu Lenzi za Zumu za Kupigia Picha Wanyamapori

Habari za jioni, ndugu zangu. Asanteni kwa kuja wengi hivi. Nimeombwa nizungumzie lenzi za zumu, yaani zinazoweza kumvuta mnyama karibu au kumrudisha mbali kwenye picha, zile ndefu za kupigia picha wanyamapori, na najua karibu kila aliyeketi hapa amekuja na swali moja: ninunue ipi? Nitalijibu. Ila kwanza nawauliza ninyi: huyo mnyama unayetaka picha yake, huwa anakuruhusu umkaribie mpaka wapi?

Nauliza hivyo kwa sababu wengi tunaanzia kwenye namba ya milimita iliyoandikwa ubavuni mwa lenzi. 400, 600, 800. Tunaona namba ikiwa kubwa ndiyo lenzi bora. Namba ile peke yake haikwambii kitu mpaka uiweke pamoja na umbali, kwa hiyo naomba tufanye hesabu kidogo. Ni ya kichwani, haitamsumbua mtu.

Chukua kamera ya fremu kamili. Sensa yake, kile kibao cha ndani kinachopokea picha, ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Ukiweka lenzi ya milimita 600, kila mita moja ya umbali inakupa sentimita 6 za upana wa picha. Mnyama akiwa mita 50, picha yako inabeba upana wa mita 3. Ukishusha zumu hadi 400, kila mita inakupa sentimita 9. Ukifika 200 ni sentimita 18. Ukifika 100 ni sentimita 36. Namba hizo nne ziandikeni, ndizo nitakazozitumia jioni yote.

Sasa tumlete ndege mdogo kama chozi, wa sentimita 10 hivi toka mdomo hadi mkia. Umekaa mita 12 kutoka kwenye ua analonyonya, na lenzi umeivuta hadi 600. Picha ina upana wa sentimita 72. Chozi wako anachukua sehemu moja ya saba ya upana huo, basi. Ukiweza kuketi mita 6 tu kutoka kwenye ua lile, upana unakuwa sentimita 36 na ndege anajaza zaidi ya robo. Ili upate ukubwa huo bila kusogea ungehitaji milimita 1,200. Mita sita za kusogea kwa subira zimefanya kazi ambayo hakuna zumu ya kawaida ingeifanya.

Lakini neno subira hapo nimelitia makusudi. Umbali huupangi wewe, anaupanga mnyama. Ndege anayekula akiacha kula na kusimamisha shingo, ameshakuambia umefika. Swala akigeuza masikio yote mawili kwako na kupiga mguu chini, vivyo hivyo. Ukiongeza hatua moja baada ya hapo, unachopata ni picha ya mnyama anayekukimbia, na yeye umemkatisha malisho au umemtoa kwenye kiota. Kwa hiyo lenzi ndefu ni njia ya kumwacha mnyama aendelee na shughuli zake. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuwa nayo, inapita hata ukubwa wa mnyama kwenye picha.

Haya, tumeuona upande mrefu wa zumu. Upande mfupi watu hawautazami wanaponunua, nao ndio unaowaangusha. Simba yuko mita 60, anakuja taratibu upande wako, nawe uko ndani ya gari. Kwa milimita 600 pale mita 60 una picha ya upana wa mita 3.6 na kimo cha mita 2.4: simba mzima na majani kidogo pembeni, vizuri sana. Anaendelea kuja. Akifika mita 15, zile 600 zinakupa sentimita 90 kwa 60, yaani uso na manyoya ya shingo. Mwenye lenzi ya 200-600, yaani inayoanzia milimita 200 hadi 600, anaishusha hadi 200 na kupata mita 2.7 kwa 1.8, anamtosheleza simba kwa kubanabana. Mwenye 100-400 ana mita 5.4 kwa 3.6, anaweza kumpa simba nafasi ya kutembea ndani ya picha. Na angekuwa tembo, mwenye kimo cha mita 3 begani, kwenye picha ya yule wa 200 tembo angekuwa amekatwa miguu.

Hapo ndipo jibu la swali lenu linaanza kujitenga. Kama roho yako iko kwa ndege, usihangaike: chukua lenzi inayofika 600, na ule upande wa 180 au 200 utakutosha. Sony ilitoa 200-600 yake mwaka 2019, Nikon ikatoa 180-600 ya kamera za Z mwaka 2023, na kabla yao Tamron na Sigma zilikuwa zimefungua mlango kwa zile 150-600. Kama unapiga wanyama wakubwa, tena ukiwa garini ambako wao wenyewe hukusogelea, mimi ningechagua 100-400 au 100-500 bila kusitasita. Zile milimita 100 za mwanzo utazitumia zaidi ya unavyodhani.

Mwenye kamera ya sensa ndogo, ile iitwayo APS-C, asijione mnyonge. Sensa yake ina upana wa kama milimita 23.5, Canon kidogo pungufu. Kwake milimita 400 zinabeba karibu sentimita 6 kwa kila mita, sawasawa na 600 ya fremu kamili. Kwa hiyo 100-400 mkononi mwake ni lenzi ya ndege.

Sasa mwanga. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo lenzi zinapotofautiana kwa bei na kwa uzito.

Ile f/6.3 iliyoandikwa kwenye lenzi inatokana na kugawanya. Chukua urefu wa fokasi, ndiyo ile namba ya milimita, ugawanye kwa 6.3, unapata kipenyo cha tundu la kupitisha mwanga. 600 gawanya kwa 6.3 ni kama milimita 95. Tazameni mbele ya zile 200-600 na 180-600: filta yake ni ya milimita 95. Haikutokea kwa bahati. Sasa gawanya 600 kwa 4, unapata 150. Lenzi ya 600 f/4 lazima iwe na kioo cha mbele cha milimita 150 au zaidi, na kioo cha upana ule ni kizito na ni kigumu kusuguliwa. Ndiyo maana hainunuliki kwa bei ya kawaida. Kwa upande wa pili, Canon RF 100-500 ni f/7.1 kule mwisho: 500 gawanya kwa 7.1 ni 70, ndiyo maana inaingia kwenye mkoba mdogo na ina kilo 1.4 hivi bila pete yake ya tripodi, ilhali 200-600 ya Sony ina kilo 2.1.

Je, unalipa nini kwa wepesi huo? Tuseme ni alfajiri, jua ndiyo kwanza linachungulia, chui anatembea. Mnyama anayetembea anahitaji shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, ya 1/500 ya sekunde ili miguu isifutike. Tuseme mwanga uliopo unakupa ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, ya 1600 kwenye f/4. Kwenye f/5.6 utakuwa ISO 3200. Kwenye f/6.3, 4000. Kwenye f/7.1, 5000. Kwenye f/9, ambako ndiko Canon 200-800 inakofika ukiivuta yote, ni 8000. Angalieni vizuri: kutoka 5.6 hadi 6.3 tofauti ni ndogo mno, wala isiwanyime usingizi. Kutoka 6.3 hadi 9 ni stopu nzima, yaani mwanga nusu na ISO mara mbili, na hiyo utaiona kwenye picha kama chenga, hasa penye kivuli. Chui na fisi na bundi hutoka mwanga ukiwa haba. Mwenye kuwapenda hao aitazame namba ya f kabla ya kuitazama namba ya milimita. Ndege wa mchana juu ya maji hawana shida hiyo; f/9 kwao inakwenda.

Na kizuia mtikisiko je? Ni kitu kizuri. Canon ndiyo iliyokileta kwa lenzi za kamera za kubadili lenzi, mwaka 1995, kwenye 75-300. Lakini kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mnyama. Mtu ataniambia, lenzi yangu inaniruhusu kupiga kwa 1/60. Sawa, kama mamba amelala. Ndege akiruka unataka 1/2000 au zaidi, na hapo kizuia mtikisiko kinakusaidia tu kumshika vizuri machoni usimpoteze.

Kumshika, hilo nalo lina namna yake. Ukivuta 600, unaona kama nyuzi 4 tu (digrii) za dunia. Mtu anainua kamera ikiwa imevutwa yote, anatafuta angani, haoni kitu, tai ameshapita. Anzia upande mfupi. Mpate, autofokasi imkamate, ndipo uvute. Sasa jaribuni dukani: mzunguko wa pete ya zumu una urefu gani? Kwenye 180-600 ya Nikon ni nyuzi 70 toka mwanzo hadi mwisho, unafika kwa kiganja kimoja bila kuachia. Zipo lenzi zinazotaka uzungushe, uachie, ushike tena, uzungushe. Kitu kidogo hicho kitakukosesha picha kuliko tofauti yoyote ya ukali wa kioo mtakayoisoma mahali.

Vilevile kuna lenzi zinazorefuka ukizivuta na zile ambazo vioo hutembea ndani kwa ndani. Zinazorefuka hufungashika fupi, ni nzuri kwa msafiri. Ila uzito huhamia mbele, na ukizining'iniza zikitazama chini baadhi hujivuta zenyewe, ndiyo maana huwekewa kifungo cha kuzifunga. Zile za ndani kwa ndani hubaki na mizani ileile, ukiziweka juu ya tripodi au mfuko wa mchanga huna haja ya kurekebisha. Kwa anayekaa sehemu moja akisubiri, nazipendekeza hizo.

Uzito usichukuliwe juujuu. Kilo mbili dukani ni nyepesi. Kilo mbili zikiinuliwa hadi jichoni, zikashikwa hapo dakika tano kumsubiri mdiria azame, ni jambo lingine. Ukiinua dukani, usiishushe haraka. Ishike. Mwenzako akuhesabie dakika mbili. Mkono ukianza kutetemeka, jibu umelipata.

Kuhusu telekonvata, kile kipande cha kuongeza urefu kinachowekwa kati ya lenzi na kamera, nitasema kwa ufupi. Ile ya 1.4 inakula stopu moja, ya 2 inakula stopu mbili. Kwenye f/6.3 maana yake ni f/9 au f/13. Kamera za kisasa zisizo na kioo cha kuakisi bado zitafokasi, lakini mwanga umekwisha. Na mwenye RF 100-500 ajue kwamba telekonvata ikiwekwa, zumu haishuki chini ya 300, kwa hiyo ule upande mfupi niliousifia ameupoteza.

Na ikifika saa ambayo ardhi inafuka joto, mazigazi yanachezacheza juu ya nyasi, hakuna lenzi itakayokupa picha kali ya mnyama wa mita 150. Hewa yenyewe imekuwa kioo kibovu. Wakati huo ama umpate aliye karibu, ama upumzike.

Naona mkono kule nyuma. Naam, dada. Anauliza, wengine hawajasikia: fedha inatosha lenzi iliyotumika tu, aiangalie vipi?

Swali zuri sana, dada yangu, tena 150-600 zilizotumika ni nyingi. Mulika tochi toka nyuma ya lenzi, tazama kwa mbele. Vumbi chache si neno. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, achana nayo. Iwashe kizuia mtikisiko usikilize: mlio mdogo ni kawaida, kugongagonga si kawaida. Fokasi kitu cha karibu, kisha cha mbali, kisha cha karibu, mara kadhaa, uone kama inasitasita. Halafu iweke kamera kwenye tripodi mbele ya ukuta wa matofali, ikiutazama ukuta sawasawa. Piga ikiwa fupi, ikiwa katikati, ikiwa imevutwa yote. Kuza picha kwenye skrini ulinganishe kona nne. Kona zote zikififia kidogo kwa pamoja, ndivyo lenzi hizi zilivyo. Kona moja ikififia peke yake kila mara, kioo cha ndani kimehama, na hiyo usiichukue hata akushushie bei.