Kuifundisha Mashine Kuujua Msimbazi

Wakubwa zangu, shikamooni. Waliopitia Jangwani kuja hapa wameshauona mto ninaouzungumzia. Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unakatiza jiji la Dar es Salaam, unaingia baharini pale Daraja la Selander. Masika yakikolea unakula kingo zake usiku kucha: mtu analala jiko lipo uani, anaamka halipo.

Umekula kiasi gani? Setilaiti za Landsat zinapiga picha tangu 1972, lakini hata hizi za sasa pikseli moja, yaani kitone kimoja cha picha, ni mita 30 kwa 30 ardhini. Nyumba kadhaa za mtaa wa Hananasif, kandokando ya mto, zinaenea humo, na vyoo vyake. Setilaiti nyingine, Sentinel-2, inafika mita 10 na kurudi kila baada ya siku tano, ila masika ndiyo msimu wa mawingu. Ukiihitaji picha unaletewa pamba tupu. Ndiyo maana tunarusha ndege nyuki, yaani droni. Inapita chini ya mawingu, na pikseli yake ni sentimita chache.

Shida ni wingi wa picha. Macho ya mtu huchoka, ndipo akili mnemba inapoitwa. Unailisha picha ulizokwisha kuzichorea: haya maji, huu mchanga, hii nyumba. Vitabuni maji ni kazi nyepesi, kwa kuwa yanameza mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, na majani ya mimea huurudisha. Msimbazi haujasoma vitabu hivyo. Tope lake linafanana na mchanga wa kando, kivuli cha ghorofa kinasomeka kama dimbwi, na taka zikiziba mkondo mashine inakuapia kwamba pale ni nchi kavu.

Anayeujua ukingo ni mchimba mchanga, yule yule tunayemfukuza mtoni. Mimi humwendea kabla sijarusha chochote. Atakuonyesha mstari wa tope ukutani, atakwambia kisiki kile mwaka jana kilikuwa ng'ambo. Hayo ndiyo mafunzo ya mashine.

Kisha picha za tarehe mbili lazima zilaliane sawasawa, maana zikipishana nusu mita, utatangaza mmomonyoko ambao haupo. Kwa hiyo tunatandaza alama ardhini za kulinganishia picha hizo. Zetu za kwanza zilikuwa vipande vya turubai, na viliondoka vyote kabla ndege haijatua. Kimoja nilikikuta kimeezeka kibanda cha mihogo. Siku hizi tunapaka rangi juu ya kalavati.