Robo Saa Hiyo Mnaipeleka Wapi?

Shikamooni wazee wangu, vijana habari za jioni. Haya ninayosema nimeyasema sana hapa Tanga na nitaendelea, maana watu bado wanakufa.

Ikitokea ajali tunamlaumu dereva, trafiki, barabara. Sikatai. Ila leo nataka tuongee kuhusu sisi wa kwenye siti. Basi limetoka stendi ya Kange, limefika Segera limekwama nyuma ya lori, nani anapiga kelele "suka vipi, tunaenda msibani?" Basi lingine likitupita watu wananuna kabisa, konda anaambiwa kesho tunapanda la wenzenu. Na suka ana masikio, ana tajiri anayesubiri hesabu, anakanyaga.

Haya tupige hesabu. Basi la abiria mwisho ni 80 kwa saa. Kilomita 100 ukienda kwa 80 unatumia saa 1 na dakika 15, ukienda kwa 100 unatumia saa 1. Robo saa! Robo saa yenyewe unaenda kuimalizia stendi ya Mbezi, Dar, unabishana bei na bodaboda. Ila kwa 100 basi linakata karibu mita 28 kila sekunde badala ya 22, na nguvu ya kugonga inapanda kwa zaidi ya nusu. Ng'ombe akikatiza hapo mbele utafanyaje?

Kuna mama mmoja namsimulia kila mahali. Tulikuwa tunatoka Dar, Msata tumeshaipita, suka anaovateki kwenye kilima na mbele haoni kitu, mara ya kwanza watu wakaguna, mara ya pili kimya, mara ya tatu yule mama, mtu mzima na baibui lake, akasimama akashika siti akasema mwanangu, mimi nimelipa nauli ya kufika, sijalipa ya kukimbizwa. Vijana wa nyuma wakamjia juu, bibi kama unaogopa shuka, basi zima likacheka. Hakukaa. Akamgeukia jirani yake, baba mmoja wa kanzu, akamuuliza baba, nyumbani umeacha wangapi? Wanne. Akamuuliza wa nyuma yake, na wa nyuma yake tena, yaani siti kwa siti jamani, na kila mtu akijibu kicheko kinapungua, mpaka yule wa kanzu akanyanyuka mwenyewe akasema suka punguza, la sivyo simamisha kwa trafiki tushuke wote. Konda akaenda akamwinamia dereva. Tukaja taratibu mpaka Kange, na ilikuwa Ramadhani, futari tuliiwahi.

Najua kuna wa kuniambia ajali kazi ya Mungu. Mtume kashatufundisha, mfunge ngamia kwanza ndio utawakali. Mwingine atasema dereva ana taaluma yake. Sawa, hatumfundishi kukata kona, tunamkumbusha sheria aliyosomea. Ila usimgombeze akiwa kwenye usukani, akikugeukia barabara anaangalia nani? Ongea na konda. Akikaidi piga LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, mabasi yamefungwa VTS, kifaa cha kufuatilia basi, na mwendo unaonekana huko kwao, kwahiyo taja namba ya basi, mlipo, na saa ngapi. Namba zao ziseiveni leo, sio siku mnaning'inia kwenye kona. Alafu hii ya madereva kupigiana taa kwamba mbele kuna trafiki na tochi ya kupima mwendo, na abiria tunafurahi, tumemshinda nani?

Usiku ndio uangalifu zaidi. Nani kasahau ajali ya Korogwe, Februari 2023, Coaster ya watu wanaosindikiza maiti Moshi? Mwaka huohuo mabasi yakaruhusiwa tena kutembea usiku, sina ugomvi na hilo, ila safari ikizidi masaa 8 lazima madereva wawe wawili, unapokata tiketi uliza wa pili yuko wapi, wasikuoneshe konda.

Mkanda fungeni, hata wa siti ya nyuma, ukiwa mbovu sema kabla basi halijatoka stendi. Mkiona ndoo na vigoda vya abiria wa ziada katikati ya njia kataeni, moto ukiwaka mtapita wapi? Na angalieni mlango wa dharura uko upande gani.

Wale wanaolewesha abiria kwa biskuti na soda za dawa nilitaka niwaseme kwa urefu ila mwenyekiti ananionesha saa. Ukipewa na usiyemjua usile, na mtoto wako asile. Haya maswali, tuanze na huyo kijana wa mlangoni.