Kukataa Kubadilishiwa Namba: Warren Moon Kabla ya Houston

Asanteni sana kwa kuja. Jioni hii nitawasimulia miaka kumi ya mwanzo ya mchezaji mmoja, Warren Moon, tangu alipomaliza sekondari mwaka 1974 hadi 1984. Najua wengi wenu mmekulia kwenye kandanda, na futiboli ya Marekani mnaiona ni msukumano wa watu waliovaa kofia ngumu. Basi mnivumilie kwanza niieleze namba moja tu ya uwanjani, maana kisa chote kimo ndani ya namba hiyo.

Kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa shambulizi. Kabla haujamfikia, wenzake kumi hukusanyika duara, kimya, wakamsikiliza yeye. Anawatajia mpango. Wakishapanga mstari anautazama ulinzi wa wapinzani, na akihisi mtego anabadilisha maagizo papo hapo kwa kupaza sauti. Mpira ukishatua mikononi ana sekunde chache mno za kuamua amrushie nani, huku majitu ya kilo mia na ushei yakimjia mbio. Mkono wenye nguvu ni sehemu ndogo ya kazi ile. Sehemu kubwa ni amri.

Na hapo ndipo penye kidonda. Kwa miaka mingi Mmarekani mweusi alikubalika kukimbia na mpira, kuudaka, kukaba. Kuamuru, hapana. Iliaminika kwamba hana kichwa cha kusoma mchezo, na kwamba wazungu hawatamfuata. Marlin Briscoe alipata nafasi Denver mwaka 1968, akarusha tachidauni 14, yaani pasi za bao, mpira ukidakwa kwenye eneo la mwisho la wapinzani, katika msimu wake wa kwanza. Mwaka uliofuata yuko Buffalo, anadaka mipira inayorushwa na wengine. Chuck Ealey alianza michezo 35 akiwa Chuo Kikuu cha Toledo na hakupoteza hata mmoja. Thelathini na tano! Ilipofika drafti ya 1972, yaani siku timu za NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, jina lake halikutajwa. Alikwenda Hamilton, Kanada, na mwaka huohuo akawapa Kombe la Grey, ubingwa wa ligi ya Kanada.

Huo ndio ulimwengu alioukuta Moon. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1956, mvulana pekee kati ya watoto saba. Baba alifariki yeye akiwa na miaka saba, na mama, aliyekuwa muuguzi, akawalea. Kijana akajifunza kupika, kushona na kupiga pasi, akafanya na vibarua. Kwa hiyo akaamua kushika mchezo mmoja tu, ule ambao mkono wake ungemfikisha mbali.

Alipomaliza sekondari vyuo vilimtaka, lakini vingi vilimtaka acheze namba nyingine. Hapo alifanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko vikombe vyote alivyokuja kubeba: alikataa. Alijiunga na West Los Angeles College, chuo cha miaka miwili, akacheza msimu mmoja akimsubiri atakayemwita kuwa kwotabeki. Fikirieni umri wake. Miaka 17, mama mjane, ufadhili uko mezani, na sharti ni moja tu, ubadilishe namba.

Aliyemwita ni Don James, kocha mpya wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Kocha alimwamini, mashabiki hawakumwamini. Walimzomea kwenye uwanja wake wa nyumbani, amevaa jezi yao wenyewe. Ugenini kuzomewa ni kawaida, mchezaji anazoea. Nyumbani ni jambo jingine kabisa, na aliyapitia hayo msimu baada ya msimu. Mwaka 1977 timu ilianza kwa kupoteza michezo mitatu kati ya minne, kisha ikageuka, ikafika Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo ya kufunga msimu. Tarehe 2 Januari 1978, kule Pasadena, jirani kabisa na mji aliozaliwa, Moon alifunga tachidauni mbili kwa miguu yake na kurusha ya tatu. Washington 27, Michigan 20. Mchezaji bora wa mechi alikuwa yeye.

Drafti ya mwaka ule ilikuwa na raundi 12 na ilichagua wachezaji 334. Moon hakuwamo. Wiki chache kabla yake, alipoona dalili kwamba NFL haimtaki kwa namba yake, alisaini Edmonton, Kanada. Haki inanitaka niongeze kwamba mwaka huohuo Tampa Bay ilimchagua kwotabeki mweusi, Doug Williams, katika raundi ya kwanza. Mlango ulikuwa umeachia upenyo, ila wa mtu mmoja.

Kanada wanacheza tofauti, na tofauti hizo zilimfaa. Uwanja wao una yadi 110 kwa urefu na 65 kwa upana, mkubwa kuliko wa Marekani. Wanacheza watu 12. Tena timu ina majaribio matatu tu ya kusogeza mpira yadi 10, wakati Marekani inayo manne. Ukikimbia nao ukakwama mara moja, umeshabanwa; lazima urushe, na urushe mbali. Hakuanza akiwa mfalme. Namba aligawana na mkongwe Tom Wilkinson, akajifunza kwake, chini ya kocha Hugh Campbell. Edmonton walichukua Kombe la Grey mwaka 1978, na 1979, na 1980, na 1981, na 1982. Matano mfululizo. Mwaka 1982 Moon alirusha jumla ya yadi 5,000, na 1983 akafikisha 5,648.

Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba miaka ile sita ilimjenga, kwa hiyo mambo yaliishia vizuri. Ya kwanza nakubali. Lakini ya pili sikubali hata kidogo: Kanada ilimjenga kwa sababu ilimpa kazi, na waliomnyima kazi hiyo kwao hawana sifa ya kudai.

Mwaka 1984 zile timu za NFL zilikuwa zinamgombania. Seattle walimtaka, mji uleule uliomzomea. Akachagua Houston, ambako Campbell alikuwa amekwenda kufundisha. Timu ilikuwa dhaifu mno. Alirusha yadi 3,338, rekodi ya klabu wakati huo, na bado Houston walipoteza michezo 13 kati ya 16. Yote 16 aliianza yeye, akiwa kwotabeki.